Mafunzo ya Mhudumu wa Dharura za Kitabibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanaotaka kujiunga na kozi, na wale walio katikati yake, hurudia kuuliza kila muhula. Yamejibiwa na mkufunzi wa vitendo. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Mhudumu wa dharura za kitabibu ni nani hasa?

Ni mtu aliyefunzwa na kuthibitishwa kumtathmini mgonjwa au majeruhi pale pale alipoangukia, kuzuia hali yake isizidi kuwa mbaya, na kumfikisha hospitalini akiwa bado katika hali ambayo daktari anaweza kuishughulikia. Katika nchi nyingi hujulikana kwa herufi tatu, EMT, na ndiye anayekaa nyuma ya ambulensi pamoja na mgonjwa.

Hafanyi upasuaji, wala hatarajiwi kuutaja kila ugonjwa kwa jina lake. Anatarajiwa kuona haraka kile kinachoweza kuua sasa hivi: damu inayomwagika kwa wingi, njia ya hewa iliyoziba, pumzi isiyotosha, moyo uliosimama. Mambo hayo huua katika muda wa dakika, na hospitali, hata iwe bora kiasi gani, mara nyingi iko mbali kuliko dakika hizo.

2. Anatofautianaje na mtu aliyesoma huduma ya kwanza?

Huduma ya kwanza hufundishwa kwa saa au siku chache, nayo humwezesha mtu yeyote kusaidia mpaka wataalamu wafike. Mhudumu wa dharura ndiye huyo anayesubiriwa. Anabeba vifaa, anafanya kazi chini ya miongozo iliyoidhinishwa na daktari, anaandika taarifa inayoingia kwenye kumbukumbu za mgonjwa, na anawajibika kisheria kwa alichofanya na kwa alichoacha kufanya.

3. Kuna tofauti gani kati ya mhudumu wa dharura na paramediki?

Paramediki amesoma kwa muda mrefu zaidi na anaruhusiwa kuingia mwilini zaidi: huweka dripu, hutoa dawa nyingi kupitia mshipa, husoma mchoro wa umeme wa moyo, na katika mifumo mingi huingiza mpira wa hewa kwenye koromeo la mgonjwa asiye na fahamu. Mhudumu wa ngazi ya EMT hutegemea zaidi mikono, macho, oksijeni, mashine ya kushtua moyo na dawa chache (tazama swali la 13).

Majina haya hayana maana moja duniani kote. Marekani ina ngazi nne zinazotambuliwa kitaifa, na kozi ya EMT huko kwa kawaida ni kati ya saa 120 na 190, ilhali ya paramediki huvuka saa 1,000. Ujerumani humfunza Rettungssanitäter (mhudumu wa ngazi ya chini) kwa saa 520, na Notfallsanitäter (wa ngazi ya juu) kwa miaka 3. Uingereza hulilinda jina la paramediki kisheria, kwa hiyo asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Ufaransa hupandisha daktari mwenyewe kwenye gari kwa wagonjwa walio mahututi, jambo linalobadilisha kabisa kazi za wengine waliomo garini. Kabla ya kulipa ada yoyote, uliza cheti unachokwenda kupewa kinakuruhusu kufanya nini katika nchi unayokusudia kufanyia kazi.

4. Je, huyu si dereva wa ambulensi tu?

Hapana. Baadhi ya wahudumu huendesha gari kwa zamu, na udereva wa dharura una mafunzo yake, lakini anayemhudumia mgonjwa na anayeendesha ni majukumu mawili ambayo mtu mmoja hawezi kuyatekeleza kwa wakati mmoja.

## Kujiunga na kozi

5. Ninahitaji sifa gani?

Masharti hutofautiana, lakini mengi hufanana: umri wa miaka 18 au kukaribia hapo, elimu ya sekondari, uwezo wa kusoma na kuandika vizuri lugha ya kufundishia, hati ya kutokuwa na rekodi ya jinai, na chanjo, hasa ya homa ya ini aina ya B. Vyuo vingine hutaka uwe na cheti cha ufufuaji wa moyo na mapafu kabla ya siku ya kwanza, na waajiri wengi baadaye hutaka leseni ya udereva.

Kuhusu nguvu za mwili, swali halisi ni kama unaweza, ukisaidiana na mwenzako, kuinua machela yenye mtu mzima, kuishusha ngazi, na kisha kupiga magoti sakafuni kwa dakika 20 bila mgongo kukusaliti. Mbinu ya kuinua hufundishwa, na wenye miili midogo walioijua vizuri hudumu kazini kuliko wenye misuli wasioijali.

6. Sikusoma sayansi. Nitaweza?

Utaweza. Kozi huanza na mpangilio wa mwili na kazi za viungo kana kwamba hukuwahi kuvisikia, na wanafunzi waliotoka kwenye biashara, ushonaji au ualimu humaliza vizuri. Wanaojikwaa mara nyingi hawajikwai kwenye biolojia. Hujikwaa kwenye hesabu ndogo zinazotakiwa haraka.

Chukua mfano wa oksijeni. Mtungi umebakiwa na lita 300, na mgonjwa anapumua kwa barakoa ya lita 15 kwa dakika. Una dakika 20. Ikiwa safari ya kwenda hospitali ni dakika 35, unatakiwa kulijua hilo kabla gari halijaondoka, si pale mfuko wa barakoa unapoanza kunywea usoni pa mgonjwa. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, lakini utaifanya huku ndugu wa mgonjwa wakipiga kelele, na ndiyo maana tunaifanyisha mara nyingi hadi iwe nyepesi.

7. Mafunzo huchukua muda gani?

Mbali na tofauti za nchi zilizotajwa katika swali la 3, kozi ile ile huweza kufundishwa kwa wiki chache za kutwa nzima au kwa miezi kadhaa ya jioni na mwisho wa wiki. Kozi ya haraka humfaa muuguzi, askari wa zimamoto au mtu mwingine ambaye tayari mikono yake imezoea wagonjwa. Kwa anayeanza kabisa, ninapendekeza ile ndefu bila kusita, kwa sababu ujuzi wa mikono huhitaji usiku kadhaa kati ya somo na somo ili ukae.

8. Je, ninaweza kusoma yote mtandaoni?

Nadharia, ndiyo, na wengine huielewa vizuri zaidi wakisoma kwa mwendo wao wenyewe. Vitendo, hapana. Chuo kinachotoa cheti kamili bila kukuona ukigusa mwili au mdoli wa mazoezi kinakuuzia karatasi, na siku ya kwanza kazini itakuumbua mbele ya mtu anayekufa.

9. Nitajuaje kama chuo ni kizuri?

Anza na kibali: mamlaka inayosajili wahudumu inakitambua? Kama haikitambui, hayo mengine hayana maana. Kisha omba kuhudhuria kipindi kimoja cha vitendo, na ukifika, tazama kabla ya kuuliza.

Tazama midoli ya kufufulia. Ile inayotumika kweli huwa na kifua kilichofifia rangi pale katikati, mahali ambapo viganja mia kadhaa vimekaa. Tazama mfuko wa vifaa: kama bendeji bado zimo kwenye plastiki zake na magango yananyooka kama yalivyotoka kiwandani, hivyo ni vifaa vya kuonyeshea wageni. Hesabu wanafunzi waliozunguka mdoli mmoja. Wakiwa 4 hadi 6, kila mmoja atapata zamu na bado atawaona wenzake wakikosea na kusahihishwa, jambo ambalo lina faida kubwa. Wakiwa 20, wengi watahitimu kwa kutazama.

Baada ya hapo ndipo uulize: wakufunzi wamefanya kazi kwenye ambulensi, na lini mara ya mwisho? Mazoezi ya hospitali na ya gari yanafanyika wapi, kwa saa ngapi, na nani anasaini? Wangapi kati ya waliomaliza mwaka jana walifaulu mtihani wa mamlaka kwa jaribio la kwanza? Chuo kizuri hujibu swali hilo la mwisho kwa namba. Kingine hujibu kwa hadithi.

## Darasani na kwenye vitendo

10. Tunafundishwa nini?

Orodha ya mada ni ndefu: njia ya hewa, upumuaji, kutokwa damu, mshtuko wa upungufu wa damu mwilini, mifupa iliyovunjika, kuungua, sumu, pumu, kiharusi, kisukari, degedege, kujifungua, watoto, wazee, wagonjwa wa akili, ajali za barabarani, uchafuzi wa kemikali, sheria na maadili. Kila mada ina sura yake kitabuni. Hata hivyo, mwanafunzi anayezisoma kama sura tofauti huchoka mapema, kwa maana kinachozishikilia zote ni kitu kimoja, nacho ni tathmini ya mgonjwa.

Tathmini ni mpangilio usiobadilika. Unatazama eneo, unamtazama mgonjwa kwa jumla ukiwa bado unatembea kumwendea, unasimamisha damu inayomwagika kwa nguvu, unafungua njia ya hewa, unaangalia pumzi, unaangalia mzunguko wa damu, unapima ufahamu, kisha unamfunua uone kilichofichwa na nguo. Ukikuta tatizo katika hatua moja, unalishughulikia hapo hapo kabla ya kusonga mbele. Baada ya hapo ndipo yanakuja maswali ya historia: anaumwa nini, ana mzio wa nini, anatumia dawa gani, amewahi kuugua nini, alikula lini mara ya mwisho, alikuwa akifanya nini yalipoanza. Halafu vipimo: pumzi, ambazo kwa mtu mzima aliyepumzika huwa 12 hadi 20 kwa dakika, mapigo ya moyo, 60 hadi 100, shinikizo la damu, kiwango cha oksijeni, sukari. Ufahamu hupimwa kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, chenye alama kuanzia 3 hadi 15.

Wanafunzi wapya hudhani mpangilio huu unawachelewesha. Nimeona kinyume chake mara nyingi: asiye na mpangilio hukimbilia mguu uliopinda, kwa kuwa mguu uliopinda unatisha, na huku mgonjwa anakoroma kwa sababu ulimi umeziba koo. Mguu ule hautamuua jioni hii. Mkoromo ule utamuua.

11. Kwa nini kila zoezi huanza kwa kusema "eneo ni salama"?

Kwa sababu mhudumu aliyegongwa na gari, aliyenaswa na umeme au aliyevuta hewa yenye sumu anageuka kuwa mgonjwa wa pili, na anampokonya wa kwanza msaada wake. Kusema kwa sauti hulazimisha macho kutazama kweli. Mkufunzi mzuri atakutegea: waya umelala kando ya mdoli, au chupa ya dawa ya wadudu iko chini ya kitanda, na wewe utakuwa umeshapiga magoti. Atasimamisha zoezi papo hapo. Hutasahau tena.

Glavu ziko ndani ya hatua hii hii, nazo huvaliwa kabla ya kumgusa mgonjwa.

12. Viwango vya ufufuaji wa moyo na mapafu ni vipi, na kwa nini tunarudia sana?

Kwa mtu mzima, kifua hubanwa katikati, juu ya mfupa wa kidari, kwa kina cha sentimita 5 bila kupita 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya mibano 30 hutolewa pumzi 2, kila moja kwa sekunde 1 hivi, hadi kifua kionekane kuinuka. Kwa mtoto, wahudumu wakiwa wawili, uwiano ni mibano 15 kwa pumzi 2, na kina ni theluthi moja ya unene wa kifua. Mbanaji hubadilishwa kila dakika 2, na mapumziko kati ya mibano hayatakiwi kuvuka sekunde 10.

Hizo ni namba ambazo mtu huzikariri kwa jioni moja. Tunarudia kwa sababu ya mambo mawili ambayo namba hazioneshi. La kwanza ni kuachia: kifua lazima kirudi juu kabisa baada ya kila mbano, kwa kuwa moyo hujaa damu wakati huo, na mtu aliyechoka huanza kuegemea bila kujijua. La pili ni uchovu wenyewe. Kabla dakika 2 hazijaisha mibano ya watu wengi huwa imeanza kuwa mifupi, na anayebana ndiye wa mwisho kulitambua. Muulize anaendeleaje, atakuambia yuko sawa. Utazame mdoli, si uso wake.

Mashine ya kushtua moyo huwashwa mara inapofika, na hufuatwa maelekezo yake. Mtu yeyote asimguse mgonjwa mashine inaposoma mapigo na inaposhtua, na mibano irudi mara moja baada ya mshtuko, bila kusubiri kuona kama amezinduka.

13. Nitaruhusiwa kutoa dawa?

Chache, na kwa masharti. Katika mifumo mingi ngazi ya EMT hutoa oksijeni, jeli ya sukari kwa mgonjwa wa kisukari anayeweza kumeza, aspirini kwa anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo, sindano ya adrenalini iliyokwisha kupimwa kwa mzio mkali, na naloksoni kwa aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni. Huweza pia kumsaidia mgonjwa kutumia dawa yake mwenyewe aliyoandikiwa, kama ile ya kuvuta ya pumu. Miongozo ya eneo lako ndiyo inayosema neno la mwisho, na kutoa dawa iliyo nje ya miongozo hiyo, hata kwa nia njema, ni kosa linaloweza kukuondoa kazini.

14. Ujuzi gani wa mikono huwasumbua wanafunzi zaidi?

Watu hutarajia niseme kufunga magango. Kwa kweli ni njia ya hewa, hasa kumpumulisha mgonjwa kwa mfuko na barakoa. Mkono mmoja unatakiwa kuziba barakoa usoni bila kuacha upenyo, wakati huo huo ukiinua taya kuja kwenye barakoa badala ya kuikandamiza barakoa chini, na mkono mwingine unaminya mfuko kiasi cha kuinua kifua tu. Kuminya kwa nguvu hupeleka hewa tumboni, tumbo hujaa, na mgonjwa hutapika. Mkiwa wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono yote miwili na mwingine aminye. Haifanyi kazi iwe ya kitoto, inaifanya iwe salama.

Kisha kuna kile kibomba cha plastiki kilichopinda kinachozuia ulimi usianguke nyuma. Kila muhula yupo mwanafunzi anayechagua kimoja kwa kukadiria kwa macho na kukisukuma moja kwa moja. Humwomba akitoe, akilaze kwenye shavu la mdoli, ncha moja kwenye pembe ya mdomo, na anione mimi sisemi kitu. Ncha ya pili inatakiwa kufikia pembe ya taya, karibu na ndewe ya sikio. Chake huwa kimepita kwa upana wa kidole. Kirefu namna hiyo husukuma kifuniko cha koromeo na kuziba hewa ile ile ulitaka kuifungulia. Tena hakiwekwi kabisa kwa mgonjwa anayekipinga kwa kichefuchefu, kwa maana koo lake bado linajilinda.

Magango nayo yana mtego mmoja: mapigo, hisia na uwezo wa kusogeza vidole hukaguliwa kabla ya kufunga na tena baada ya kufunga. Wengi husahau ule ukaguzi wa pili.

15. Mazoezi ya hospitali na ya ambulensi yakoje?

Utapangiwa saa kadhaa katika idara ya dharura na zamu kwenye gari, ukiwa chini ya mtu mwenye leseni. Zamu nyingine hupita bila simu ya maana. Zitumie kufungua kila droo ya gari mpaka ujue kila kitu kilipo bila kutazama, kwa sababu usiku wa mvua hakuna atakayekuelekeza mkasi uliko.

Idara ya dharura ina faida ambayo wanafunzi huidharau: wingi wa watu. Pima mapigo ya watu 40 walio hai, wanene, wembamba, wenye baridi, wenye homa, nawe utayatambua yale yaliyo dhaifu yatakapokuja.

16. Kwa nini tunaandika na kukabidhi kwa maneno mengi hivi?

Si maneno mengi, ni maneno yaliyopangwa. Makabidhiano mazuri hayazidi dakika 1: umri na jinsia, kilichotokea, ulichokikuta, vipimo na jinsi vilivyobadilika, ulichofanya na saa uliyokifanya. Mkanda wa kukaza damu ndio mfano ninaoupenda. Huwekwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si juu ya kiungo kinachokunjika, hukazwa mpaka damu isimame, na saa huandikwa. Daktari wa upasuaji atapanga uamuzi wake kwa saa hiyo, na wewe utakuwa umeshaondoka.

## Mitihani, leseni na kuhama

17. Mtihani wa mwisho ukoje?

Kwa kawaida una sehemu mbili, nadharia na vitendo. Marekani, mtihani wa kitaifa wa nadharia hufanywa kwenye kompyuta inayobadilisha ugumu wa maswali kulingana na majibu yako, kwa hiyo kujiona unapewa maswali magumu si dalili ya kufeli. Vitendo hupimwa kwa vituo: unapewa kisa, unatenda, mtahini anaweka alama. Yapo makosa yanayokufelisha moja kwa moja hata kama mengine yote umeyafanya vizuri, kama kutokagua usalama wa eneo (swali la 11) au kuacha kushughulikia njia ya hewa. Sema kwa sauti kila unachokitazama, kwa kuwa mtahini hawezi kuona mawazo.

18. Nikifeli?

Utarudia, kwa idadi ya majaribio iliyowekwa na mamlaka, na baada ya majaribio kadhaa utatakiwa kupata mafunzo ya marudio kwanza. Omba kujua ulianguka kwenye eneo lipi, na usirudie mtihani kabla hujalifanyia kazi eneo hilo na mtu mwingine akikutazama.

19. Cheti na leseni ni kitu kimoja?

Hapana. Cheti husema umefikia kiwango. Leseni au usajili husema serikali inakuruhusu kufanya kazi mahali fulani. Vyote huisha muda, na huhuishwa kwa masomo endelevu. Marekani, kwa mfano, cheti cha kitaifa hudumu miaka 2.

20. Cheti changu kitatambuliwa nchi nyingine?

Mara nyingi si moja kwa moja. Hifadhi muhtasari wa kozi wenye idadi ya saa kwa kila mada, pamoja na rekodi ya mazoezi yako iliyosainiwa. Mamlaka ya nchi ya pili italinganisha hizo, na kupata nakala baada ya miaka mitano kutoka chuo kilichohama au kufungwa ni mateso yanayoepukika.

## Hali zisizo za kawaida

21. Ninaogopa damu. Niache?

Usiache bado. Wengi hushtuka mara za mwanzo, na woga hupungua mikono inapopata kazi ya kufanya. Kuzimia ni jambo tofauti na kuogopa: ukihisi jasho la baridi na macho kuingia giza, mwambie mwenzako, keti, inamisha kichwa. Anayelificha huanguka juu ya mgonjwa. Kama kuzimia kunaendelea mwezi baada ya mwezi, zungumza na mkufunzi na daktari kabla ya zamu za gari.

22. Nina kisukari, ulemavu wa kusikia, au nina mimba. Je, ninazuiwa?

Kinachoangaliwa ni kama unaweza kutekeleza kazi kwa usalama, ukiwa na marekebisho yanayowezekana. Kisukari kilichodhibitiwa, miwani na stethoskopu yenye kikuza sauti si vikwazo kwa wengi. Mjamzito anaweza kuendelea na nadharia, lakini kuinua machela, wagonjwa wenye vurugu na baadhi ya maambukizi vinahitaji ushauri wa daktari wake, na vyuo makini humruhusu kuahirisha zamu bila kuanza kozi upya.

23. Mgonjwa akikataa huduma, nifanyeje?

Mtu mzima mwenye akili timamu, anayeelewa hali yake na hatari ya kukataa, ana haki hiyo, na kumgusa kwa nguvu kunaweza kuwa kosa la jinai. Lakini neno "anayeelewa" lina uzito. Sukari iliyoshuka, kichwa kilichogongwa, pombe na upungufu wa oksijeni vyote hutengeneza watu wanaokataa kwa ukali huku hawajui ni siku gani. Pima kwanza. Mweleze kwa lugha nyepesi, mshirikishe ndugu anayemwamini, wasiliana na daktari msimamizi, na akishikilia uamuzi wake, andika kila kitu, pamoja na ulivyomwambia apige simu tena akibadili mawazo. Mgonjwa asiye na fahamu huchukuliwa kuwa ameridhia.

24. Majeruhi ni wengi na sisi ni wawili. Tunaanza na nani?

Hapa kanuni ya kawaida inageuzwa. Unaacha kumpa mmoja kila ulichonacho na unaanza kuwapanga wote. Mojawapo ya mbinu zinazofundishwa sana, START, ilibuniwa California mwaka 1983, na humpa kila majeruhi chini ya dakika 1. Wanaoweza kutembea huitwa upande mmoja na kupewa rangi ya kijani. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa, akibaki bila pumzi, nyeusi, zikirudi, nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono, au ambaye ukibonyeza kucha yake rangi huchukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, nyekundu. Asiyeweza kufuata agizo rahisi kama "kaza mkono wangu", nyekundu. Waliobaki, njano.

Zoezi hili ndilo linalowaliza wanafunzi hata kwa majeruhi wa kuigiza, kwa sababu mwili unataka kubaki na yule anayelia zaidi. Anayelia anapumua. Mwanafunzi mmoja alikataa kumwacha "majeruhi mweusi", akaendelea kumbana kifua, na tulipohesabu mwishoni, watatu wekundu waliokuwa hatua chache kutoka kwake hawakufikiwa na mtu. Tulikaa chini tukazungumza kwa muda mrefu siku hiyo, wala sikumlaumu.

25. Nikikutana na ajali nikiwa bado mwanafunzi, au nikiwa nje ya kazi?

Saidia kama mtu wa huduma ya kwanza: usalama, simu ya dharura, kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kubana kifua. Usitumie ujuzi unaohitaji leseni au usimamizi. Sheria za kuwalinda wasaidizi wa hiari na wajibu wa kusaidia hutofautiana kati ya nchi, na chuo kinapaswa kuzifundisha; kama hakijafanya hivyo, uliza.

26. Mgonjwa akifa mikononi mwangu?

Itatokea. Moyo uliosimama nje ya hospitali hauwaki tena kwa wagonjwa wengi, hata pale kila kitu kimefanywa sawasawa, na mwanafunzi anayetarajia vinginevyo hujibebesha lawama isiyo yake. Baada ya tukio, pitieni hatua moja moja pamoja na wenzako: tulifanya nini, lini, tungebadilisha nini. Usipopata usingizi kwa wiki kadhaa, ukianza kuziogopa simu, au ukijikuta unakunywa ili usahau, tafuta mshauri nasaha mapema, kama vile ungemtafuta daktari wa mgongo.

Ndugu wa marehemu nao ni wa kuhudumiwa. Tumia neno "amefariki". "Ametutoka" na "amepumzika" hueleweka msibani, lakini mtu aliyepigwa na mshtuko anaweza kuuliza ni lini ataamka.

27. Nilihitimu miaka kadhaa iliyopita na sijawahi kufanya kazi. Ninaanzia wapi?

Uliza mamlaka kama cheti kinaweza kuhuishwa kwa kozi fupi ya marudio au lazima urudie yote. Wakati ukisubiri jibu, soma upya viwango vya ufufuaji, ambavyo hupitiwa kila miaka michache, na uombe chuo kilicho karibu nawe kukuruhusu kuingia vipindi vya vitendo. Anza na mfuko na barakoa (swali la 14), maana ni ujuzi ambao nimeuona ukififia haraka kwa wasioutumia.